Kiberiti na Kiatu Kimoja

"Mguu wa kulia hauna kiatu! Nimesema hauna, na hauna, na hauna! Nyie mna masikio au mna vishikio vya sufuria?"

Aliyekuwa akifoka hivyo ni fundi baiskeli wa pale njia panda, ambaye jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika na watu wanamwita Pampu tu. Mkono mmoja ameshika spana, wa pili ameunyoosha kwenye sanamu ya saruji iliyosimama uani kwa fundi wa saruji, turubai limezungushwa kiunoni kama mtu aliyefumwa akivaa. Sanamu ni ya mdogo wake. Mdogo wake ndiye Kiberiti, mchezaji aliyefanya jina la kijiji litajwe redioni, kijiji ambacho hata dereva wa basi hukipita bila kupunguza mwendo. Kiberiti alifia nchi za watu akazikwa hukohuko. Sasa watu wameamua kumsimamisha penye uwanja aliochezea utotoni, na Pampu kaja asubuhi kumtazama, akakuta mdogo wake kavishwa viatu viwili.

"Punguza sauti, saruji bado mbichi," fundi akamwambia. "Ikipata ufa nitasema ni mdomo wako."

Fundi huyu kazi yake tangu ujana ni nguzo za baraza na vyungu vya maua. Mtu hajawahi kumtengeneza, na inaonekana: mapaja yametoka mviringo kama nguzo, hadi kinyozi wa jirani akasema huyu Kiberiti akianza kukimbia ataondoka na baraza la mtu. Lakini uso, tuseme haki, uso aliupata. Kile kidevu cha kukataa kushindwa. Lile sikio la kushoto lililochomoza kuliko mwenzake. Pampu alipoliona lile sikio alisogea karibu. Macho yaliposhuka miguuni ndipo moto ukawaka.

Mwenyekiti wa kamati ya sanamu alikuwapo pia. Yeye ndiye mwenye mashine ya kusaga, na alikuwa amekuja mbio na unga wake kwenye nyusi.

"Ndugu yangu Pampu," akaanza taratibu, kama anayembembeleza ng'ombe atoke kwenye shamba lake. "Sanamu ni heshima. Mtu hapewi heshima nusu peku. Wageni watakuja, watapiga picha. Watasema hawa watu hata kiatu cha pili walishindwa kumnunulia."

"Kwani mlimnunulia?"

Fundi akacheka, halafu akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

"Hayo ni mengine," mwenyekiti akasema.

"Ni hayohayo! Si mlikuwa mnakaa pale kwenye gogo la uwanjani mnapiga makofi? Mlimwona kwa macho yenu. Kushoto kiatu, kulia peku, mvua inyeshe, jua liwake. Leo mmepata saruji ndiyo mnajifanya kumvisha! Fundi, hebu nipe tindo."

"Tindo yangu haimgusi mtu."

"Fundi!"

"Mkishaelewana nyie wenyewe, mimi ni kubomoa na kuziba. Mkitaka nimvishe ndala, nitamvisha ndala. Lakini tindo huipati."

Mwenyekiti akajifuta nyusi, unga ukahamia kwenye mkono. Alimtazama Pampu, akaitazama ile spana, akaona bora aseme.

"Nilikatazwa kukwambia. Mimi hivyo viatu viwili sikuvitaka wala sikuvikataa. Ni mama yako. Alikuja pale mashineni, akakaa pembeni mpaka foleni ikaisha, akaniambia, mwanangu avae vyote. Basi. Sasa kama una ubavu nenda kamfokee yeye."

Spana ikashuka yenyewe. Pampu akatoka uani bila kuaga.

Sasa hapa lazima turudi nyuma kidogo, maana asiyejua habari ya viatu hivyo atamwona Pampu mkorofi tu, mtu wa kutafuta ugomvi kwenye saruji.

Mama yao aliwalea peke yake, kwa kufua nguo za watu na kubeba maji penye nyumba zinazojengwa. Wavulana wawili, wamefuatana kama vidole, na wote wawili wamepagawa na mpira. Siku moja, kwenye lundo la mitumba, mama akaokota jozi ya viatu vya kuchezea mpira. Vyeusi, vina meno chini, kimoja soli imeanza kucheka. Jozi ilikuwa moja, na bahati mbaya, au nzuri, iliwaenea wote, maana Pampu alikuwa mkubwa kwa umri lakini mdogo alishaanza kumfikia kwa nyayo.

Hapo nyumba ikawa vita. Kiberiti alimng'ata kaka yake sikio. Pampu akamkalia mdogo wake kifuani. Mama aliporudi kisimani na ndoo kichwani, hakuuliza nani alianza. Alitua ndoo, akavichukua viatu, akamrushia kila mmoja kimoja.

"Wewe unapigia kushoto, chako cha kushoto. Wewe unapigia kulia, chako cha kulia. Mkitaka jozi, mkae pamoja."

Ndivyo walivyocheza. Kiberiti winga ya kushoto, Pampu beki wa kulia, kila mmoja na kiatu kimoja. Timu ngeni zilikuwa zinawacheka hadi kujishika mbavu, na zinaacha kucheka kwenye goli la kwanza. Wakitoka uwanjani walitembea wameshikana mabega, Kiberiti upande wa kushoto, kaka yake upande wa kulia, viatu viko nje, miguu peku iko ndani. Kwa mbali ungedhani ni mtu mmoja mpana, mzima, aliyevaa jozi yake.

Pampu alikuwa mzuri. Shuti lake lilinyooka kama uzi wa mwashi. Lakini Kiberiti alikuwa kitu kingine, na Pampu alilijua hilo kabla ya mtu yeyote. Halikumuuma. Au lilimuuma kidogo, kama kijiwe ndani ya kiatu: unatembea nacho. Walipokuja watu wa timu kubwa, wenye miwani na filimbi shingoni, walisimama upande wa kushoto wa uwanja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upande wa kulia hawakugeuza hata shingo.

Siku ya kuondoka, pale kituo cha basi, Pampu alimletea mdogo wake kiatu cha kulia kimefungwa kwenye gazeti.

"Chukua vyote, dogo. Huko uendako watakucheka."

Kiberiti akakirudisha kifuani kwa kaka yake kama anayepiga pasi. "Kaka, ukinipa na hicho, nitarudi kufanya nini?"

Akapanda basi na cha kushoto ndani ya begi.

Tangu hapo, kila akipiga simu, kabla ya salamu, kabla ya habari za mama, alikuwa anauliza, "Kiatu kipo?" Na Pampu anamjibu, "Kipo. Chako?" "Kipo." Ndipo maongezi yanaanza. Kiberiti akacheza kwenye viwanja vilivyolala kama zulia, akavaa viatu vya rangi za kuumiza macho, akahojiwa na watu wenye vipaza sauti, na bado akipiga simu: kiatu kipo? Kipo. Chako? Kipo.

Alirudi nyumbani mara moja tu, haraka haraka. Kijiji kizima kilimning'inia shingoni. Huyu anataka picha, yule anataka jezi, mwingine ana shida zake za binafsi amezibeba tangu asubuhi. Ndugu wawili hawakupata hata nafasi ya kukaa kwenye gogo. Wakati wa kuagana Kiberiti akamnong'oneza, "Kile cha kushoto nimekiacha kule, kaka. Safari ijayo nakuja nacho, tuviunganishe." Pampu akasema haya.

Safari ijayo haikuja. Alianguka mazoezini, asiinuke. Wenye timu yake wakamzika huko, kwa maua mengi, ndivyo walivyoambiwa. Baada ya muda likaletwa begi lake. Pampu alilifungua mbele ya mama: nguo, medali, saa, chupa ya mafuta ya kuchua. Akatoa kimoja kimoja. Akaingiza mkono kwenye mifuko ya pembeni. Akafika hadi kwenye bitana, akaipapasa yote. Kiatu hakikuwemo. Labda mtu alikiona, kiatu kimoja kimechakaa, akasema hiki nacho cha nini, akakitupa. Ungemuuliza nani?

Kwa hiyo tuelewane. Mwenyekiti alitaka heshima, kijiji kilitaka wageni, kinyozi alitaka wateja watakaosimama kupiga picha. Pampu alitaka mguu mmoja peku. Ule mguu ndio uliokuwa unasema kwamba kiatu cha pili kipo mahali, kiko kwa mtu, na mtu huyo ni kaka yake. Ukiuvisha, umemfuta. Watoto wa leo wangepita pale wakidhani Kiberiti alizaliwa peke yake na jozi yake miguuni.

Basi akaenda kwa mama.

Alimkuta kakaa kwenye kizingiti cha mlango, ungo mapajani, anachambua maharage. Chumba nyuma yake kilikuwa kitanda, sanduku, na picha ya Kiberiti iliyokatwa gazetini, imebandikwa juu ya sanduku, pembe moja imejikunja kwa joto.

"Hiyo spana umeibeba kama unakwenda kupigana na askari," mama akasema bila kuinua kichwa. "Kaa."

Akakaa chini, mgongo kwenye fremu ya mlango.

"Mama, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Viatu."

Mama akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa uani. Akatafuta kingine.

"Yule mwenye mashine hana kifua," akasema. "Nilimwambia asiseme. Mtu anasaga unga wa kijiji kizima, halafu siri ya mtu mmoja inampitia kwenye chujio."

"Mama."

"Unajua walikuwa wananiambiaje kisimani? Yule mama ana watoto wawili na jozi moja, Mungu akimpa wa tatu atamvisha soksi. Wanacheka. Na mimi nacheka nao, ningefanyaje? Nikifika nyumbani nawaosha miguu. Wewe wa kushoto, yeye wa kulia. Kila siku ya mpira ni mwiba, ni kipande cha chupa. Nachokoa kwa sindano, nyie mmelala fofofo mmechoka, hamjui kitu. Ile siku alipochanwa unyayo na bati, nimekaa na mguu wake mapajani hapa, nikasema, huyu nitamvisha. Nikipata tu, cha kwanza nitamvisha."

Akakung'uta ungo.

"Sikupata. Wakamvisha wenzangu. Wakamvisha viatu, wakamvisha suti, wakamvisha hadi sanda, mimi niko hapa nafua shuka za watu. Hakuna hata kitu kimoja nilichomvisha mwanangu akakaa nacho, hata siku ya mwisho. Sasa nimepata nafasi. Ni saruji, sawa, najua ni saruji. Na wewe unataka kumvua?"

Miaka yote ule mguu peku Pampu alikuwa anauona kama medali. Hakuwahi kufikiri kuwa kuna mtu mwingine ndani ya nyumba hiyohiyo aliyekuwa anauona kama kidonda.

"Lakini wewe ndiye uliyesema," akajaribu, sauti imekuwa ndogo. "Mkitaka jozi, mkae pamoja. Sisi tulikaa na hilo neno, mama. Mpaka huko alikokwenda alikuwa nalo."

"Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na jozi ya pili, mwanangu."

Kuku akapita, akadonoa kile kijiwe, akakitema. Walikaa pale, mama na maharage yake, Pampu na spana yake, hadi jua likafika kwenye vidole vya miguu yao. Pampu aliitazama ile miguu. Wa kwake wa kushoto bado una alama, vijistari vidogo vyeupe kwenye kisigino. Kumbe vilichokolewa na mtu.

Akasimama. "Naenda kufungua kazi, mama."

"Hujanijibu."

"Avae," akasema. "Avae vyote."

Lakini hakwenda kufungua kazi. Alikwenda kwake, akainama chini ya kitanda, akavuta kasha la mbao. Mkewe alikuwa anakunja nguo, akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Mke mwenzangu kaamka?"

Hivyo ndivyo alivyokiita kile kiatu tangu aolewe. Alisema mke mwenzake huyu anapakwa mafuta kila mwezi, yeye vumbi lake anajifuta mwenyewe. Watoto walikuwa hawaruhusiwi kukigusa hata kwa kidole. Mmoja aliwahi kukivaa akaenda nacho chooni, na kipigo alichopata bado kinasimuliwa.

Pampu akakitoa kwenye kitambaa. Cheusi, kimesinyaa, kinang'aa kwa grisi ya baiskeli. Pale mbele, soli ilipokuwa inacheka, kulikuwa na kiraka cha mpira wa tyubu. Ndiyo kazi yake ya kwanza ya ufundi maishani, mshono wa kwenda na kurudi kama njia ya mlevi, uzi aliotungiwa na kufungiwa fundo na mama, maana yeye alishindwa kupata tundu la sindano. Akaingiza mkono ndani ya kiatu, akaufikisha hadi mbele, vidole vikagusa upande wa ndani wa ule mshono. Akakaa hivyo kitandani, mkono umevaa kiatu.

Mkewe akaacha utani. "Baba watoto, kuna nini?"

"Nimechoka kukaa na kimoja," akasema.

Hilo neno alilisema bila kulipanga, na lilipotoka akaona ni kweli. Akakifunga kiatu kwenye kitambaa, akakitia kwapani, akarudi kwa fundi.

Fundi alikuwa kapumzika juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapiga mswaki kwa kijiti. Alipomwona akasimama upesi, akaificha tindo nyuma ya chungu cha maua.

"Usinifiche bwana, sikuja kwa ugomvi. Ubomoe mguu wa kulia."

"Astakafiru! Si mama yako…"

"Ubomoe, halafu umvishe hiki."

Akafungua kitambaa. Fundi akakipokea, akakigeuza, akahesabu meno yaliyobaki kwa kidole, akakipiga piga soli kama anayejaribu tikiti. Alikuwa mtu mzima, aliwahi kukaa kwenye lile gogo. Hakuuliza ni kiatu cha nani.

"Sikiliza," akasema, na safari hii utani ulikuwa umekwisha. "Hiki nikikipitisha kwenye nondo, nikakijaza zege ndani, nikakipaka uji wa saruji kwa nje, hakitoki tena. Sio kama tairi, kwamba utakuja keshokutwa unaniambia nifungue. Umenipa ni umenipa."

"Najua."

"Wewe utabaki na nini?"

Pampu akatazama pembeni, kwenye safu ya nguzo za baraza zilizokuwa zinakauka, zote sawasawa. "Fanya kazi, fundi, kabla sijabadilika."

Fundi akafanya kazi. Tindo ikala kile kiatu cha saruji, vipande vikaanguka, hadi nondo ikabaki imechomoza kama mfupa. Pampu ndiye aliyekishika kiatu kwa mikono miwili fundi akitia zege kwa mwiko, kidogo kidogo, akishindilia kwa kijiti. Kiatu kikawa kizito. Kikajaa, kikanyooka, mikunjo ya ngozi ikafunguka moja baada ya moja, kama mguu umerudi ndani yake. Pampu akageuza uso, akajifanya vumbi limemwingia.

"Kwa nje usipake nene," akasema. "Kiraka kionekane. Na mshono."

"Nitapaka mwepesi. Uji tu, uji wa mgonjwa."

Brashi ikapita. Weusi ukawa kijivu. Mwisho kabisa kilibaki kipande kidogo cha ngozi pale kwenye kisigino, kinang'aa kwa grisi, na saruji ikikataa kushika. Fundi akakisugua kwa mchanga, akapaka tena, na chenyewe kikafunikwa.

Siku ya kuizindua pale uwanjani, watu walijaa hadi juu ya ukuta wa mashine. Mwenyekiti alikuja ameoga, nyusi nyeusi tii, watu wengine wakashindwa kumtambua. Akatoa hotuba ndefu, akataja maendeleo, akataja vijana, akamtaja Kiberiti mwishoni kama mtu anayekumbuka chumvi. Kisha kitambaa kikavutwa. Kikakwama kwenye sikio la kushoto, lile lililochomoza, na watu wakacheka kwa mapenzi, maana hata yeye mwenyewe akiwa hai jezi ilikuwa inakwama palepale.

Makofi yakapigwa. Yalipopungua, kinyozi akaanza.

"Jamani, mbona viatu havifanani? Cha kushoto kipya. Cha kulia kama kimetoka safari."

"Fundi!" mwingine akadakia. "Hicho cha kulia umekitoa wapi, mtumba?"

Fundi akatazama mawingu, kama mtu anayesubiri mvua muhimu.

Mama alikuwa amekalishwa mbele, kwenye kiti cha heshima kilichoazimwa mashineni. Akasimama. Watu wakampisha. Alifika kwenye sanamu, hakuutazama uso kwanza. Aliinama moja kwa moja kwenye miguu, kama alivyozoea. Akapitisha kiganja kwenye kiatu cha kushoto. Laini. Akahamia cha kulia. Kiganja kikasimama. Vidole vikarudi nyuma, vikatafuta, vikaanza kuufuata ule mshono, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka pale ulipofungwa fundo. Fundo alilifunga yeye.

Akainuka polepole, akageuza kichwa kutafuta mtu.

Pampu alikuwa nyuma kabisa, kwenye gogo, amevaa shati safi na mikono yenye grisi. Mama akamwendea katikati ya watu, hakujali hotuba ya pili iliyokuwa inaanza.

"Ndicho?"

"Ndicho, mama."

"Chenyewe?"

"Chenyewe."

Akakaa karibu naye kwenye gogo. Akavuta pumzi.

"Miaka yote nakusikia kwenye simu: kipo, chako? Kipo, chako? Nikadhani mna mambo yenu ya pesa mnanificha." Akatikisa kichwa. "Kumbe mnaulizana kiatu nilichookota."

Pampu akajifuta mikono kwenye suruali.

"Na cha kushoto?"

"Hakikurudi, mama. Sijui kilipo."

Mama akaitazama sanamu kwa mbali. Hakulia. Alishika tu mkono wa mwanawe, ule wenye grisi, akawa anausugua kwa kidole gumba kana kwamba doa lingeweza kutoka.

"Nenda kasimame naye," akasema hatimaye.

"Watu wote hawa, mama? Waseme nini?"

"Nenda bwana. Upande wako."

Pampu akaenda, mabega yamepanda kwa aibu, akasimama upande wa kulia wa mdogo wake. Hakujua mikono aiweke wapi. Mwisho akaunyanyua mmoja, akauweka kwenye bega la saruji. Lilikuwa na joto la jua. Alikuwa amesahau kuwa dogo alimzidi kimo. Akakumbuka wakitoka uwanjani, miguu peku iko ndani, vidole vikikanyagana, wakisukumana hadi nyumbani, na akatamani asikie tu mtu akimuuliza lile swali mara moja tena.

"Kipo," akasema chini kwa chini, ingawa hakuulizwa.

"Wewe mwenye shati la bluu!" mpiga picha akapaza sauti. "Toka kidogo, unaharibu picha. Tunataka shujaa peke yake!"

"Hatoki huyo!" mama akajibu kutoka kwenye gogo, sauti ileile ya kutua ndoo. "Piga hivyohivyo au ufunge mashine yako!"

Watu wakaangua kicheko, mpiga picha akapiga. Akapiga na ya pili. Alipotaka ya tatu, kelele zikatoka barabarani.

"Pampu! Pampu wee! Uko wapi?" Alikuwa muuza maziwa, madumu mawili yananing'inia kwenye baiskeli, tairi la nyuma limelala chini chapati. "Sherehe baadaye bwana, maziwa yanachacha haya!"

"Umepita kwenye miiba tena?"

"Sasa ningepita wapi, hewani?"

Pampu akaushusha mkono begani kwa mdogo wake. Akalipapasa lile sikio, haraka, kama mtu anayemchokoza mtoto. Kisha akavuka uwanja, akakunja mikono ya shati, akaenda kutafuta beseni la maji.